Tende za Khalasi

Ibra, mwezi wa sita, saa nne za usiku,
na ukuta wa klabu bado una moto
kama paji la mtoto mwenye homa.
Majina ishirini na mawili yamo mezani,
fedha ni za kumi na nne.
Kumi na tano, muuza matairi akilipa
ahadi yake ya mwaka juzi. Hatalipa.

Mimi si kocha. Mimi nashika daftari.
Najua nani alikopa nauli, nani alirudisha,
jezi ngapi zilichanika na bega lilikuwa la nani.

Mwenyekiti Suud anasukuma sahani:
"Kuleni, hizi khalasi za shambani kwangu."
Tunakula. Tunataja jina, tunatema kokwa.

Yakdhan, golikipa, miaka thelathini na saba.
Magoti yake yanalia akiinuka,
mlango mkavu, bawaba hazina mafuta.
Lakini ile penalti ya Sur, dakika za majeruhi,
nani aliyeifuata kushoto kama aliyeitwa?
Kimya. Abaki.

Muhanna, winga, mtoto wa dada yake Suud.
Mbio anazo, mpira hana.
Kimya cha namna nyingine. Abaki.
Hapo kalamu yangu iliandika kwa uvivu.

Halafu namba sita.
Omari Semkiwa, wa Tanga, kiungo mkabaji.
Mechi ishirini na sita, mabao sifuri.
Kocha anaisoma ile sifuri mara mbili.
Namwambia: basi hesabu mabao tusiyofungwa.
Ananiuliza yameandikwa wapi.

Sina. Daftari langu halina safu
ya mpira uliokatwa njiani,
ya kisigino kilichotangulia pale pale
mshambuliaji alipotaka kuweka furaha yake.
Mtu huyu huzoa makosa ya wenzake
dakika tisini, kama mfagizi wa soko,
na asubuhi hakuna anayejua
kwamba soko lilikuwa chafu.

"Khalas," anasema Suud,
na sijui anasema tende au anasema mtu.

Magazeti ya kwao yataandika: ametemwa.
Neno hilo nalijua tangu utotoni.
Mama, mzaliwa wa Wete, akitufokea humu humu Ibra,
"Tema hiyo!" tukiwa tumetia kinywani
kijiwe, sarafu, kifungo cha kanzu.
Kinachotemwa, kwa mama, ni kisicholiwa.
Lakini huyu tumemla. Msimu mzima tumemla,
utamu tumeumaliza, na sasa ndimi zetu
zimeikuta kokwa.

Wameamua nimwambie mimi
kwa sababu najua lugha yake.
Kwa Kiarabu ingekuwa barua:
muhuri, tarehe, shukrani za dhati.
Kwa Kiswahili lazima kwanza tuamkiane,
niulize ya nyumbani, kifua cha mtoto kimepoa?
naye aseme njema, alhamdulillahi, njema,
na kila njema yake inisukume mbali
na lile neno nililotumwa nalo.
Tena si mpira tu. Mkataba ukifa
na bataka ya ukaazi inakufa,
na fedha za bati la nyumba ya mamake
zinabaki mahali fulani hewani, baina ya benki mbili.

Mlango ukafunguliwa kabla sijajipanga.
Yeye mwenyewe, taulo begani,
amekuja kuuliza ufunguo wa stoo:
kipepeo cha chumbani kwao kimekwama tena.
Wote tukatazama sahani.
"Karibu tende," nikasema. Ningesema nini?

Akachukua moja, akala bila haraka,
akatafuta kwa macho pa kuweka kokwa.
Sahani ilikuwa upande wa Suud, mbali,
hakutaka kupitisha mkono mbele ya wakubwa.
Akaitia mfukoni.

"Shikamoo, katibu. Sikukuamkia."
"Marahaba," nikaitika.

Nilifika hapo tu.